Ngazi Mia na Kumi na Mbili

Sosina: Haloo? Nani mwenzangu?

Mahlet: Mimi.

Sosina: "Mimi" tunao wengi hapa Dessie. Mimi yupi?

Mahlet: Dada yako, kichwa maji! Natumia simu ya mpiga picha. Yangu imejaa picha mpaka imegoma. Hamjambo huko?

Sosina: Hatujambo, kwa rehema zake Mungu. Shikamoo, bibi harusi mtukufu.

Mahlet: Marahaba. Sikiliza, nimepata!

Sosina: Ugonjwa?

Mahlet: Mahali pa harusi! Niko hapa hapa Bishoftu, na— (mkwaruzo) —ziwa, Sosi! Maji nyuma, maua pembeni. Ikifika saa kumi na moja jua linakuja lenyewe usoni, utadhani limelipwa.

Sosina: Na ule ukumbi wa hapa kwetu, aliouchagua baba?

Mahlet: Wenye kuta zile? Nisimame pale na shela nyeupe nionekane yai lililotumbukia kwenye mchuzi wa dengu?

Sosina: Wa pili ulikuwa na nguzo ya umeme.

Mahlet: Ilinitoka kichwani kila picha!

Sosina: Na wa tatu mapazia ya kijani, ukaonekana una homa ya manjano. Nakumbuka. Nyumba nzima tulikuombea.

Mahlet: Cheka tu. Hapa ni kwingine. Unashuka ngazi za mawe, mia na kumi na mbili, unatokea kwenye jukwaa juu ya maji. Mpiga picha anasimama chini, mimi nateremka, shela inateremka nyuma yangu—

(Ko... ko... ko.)

Mahlet: Nini hicho kinagonga?

Sosina: Mtandao.

Mahlet: Mtandao unagonga?

Sosina: Huku kwetu kila kitu kinagonga. Endelea. Umesema ngazi ngapi?

Mahlet: Mia na kumi na mbili.

Sosina: Za mawe.

Mahlet: Za mawe, ndiyo, na pembeni wamepanda—

Sosina: Na baba mwenye mguu mmoja.

Mahlet: Haloo? Sosi? Unakatika—

Sosina: Usinianzie! Tangu tulipopata simu nyumbani, ukibanwa tu, mtandao unakufa. Nakusikia kama umelala ndani ya sikio langu.

Mahlet: Haya. Baba atakaa juu. Kuna kivuli, kuna kiti cha mito, ataletewa kuku wake wa pilipili na mtu wa kumhudumia. Kama mfalme.

Sosina: Huko juu atatuona?

Mahlet: Kuna miti. Ila muziki atausikia.

Sosina: Na kubusu magoti? Wewe na Dagim mtakapopiga magoti mbarikiwe, utabusu goti la nani? Mama tulishamzika. Upande wetu magoti ni ya baba.

Mahlet: Goti. Analo moja.

Sosina: Dada!

Mahlet: Nasema uongo? Sukari imekula mguu mpaka juu ya goti, kosa langu? Mimi nibusu nyama, Dagim abusu chuma? Na chuma chenyewe kinavyolia! Sikukuu ya Msalaba, baba alipoinuka kanisani, mama mkwe wangu aligeuka akatafuta mbuzi.

Sosina: (anacheka, anajizuia) Haichekeshi.

Mahlet: Umecheka.

Sosina: Nimekohoa. Kwa hiyo goti la nani?

Mahlet: Mjomba Wondimu amekubali kukaa pale.

Sosina: Wondimu! Mara ya mwisho kukanyaga kwetu ni siku ya mazishi ya mama, na aliondoka kabla ya kahawa.

Mahlet: Ana ndevu nyeupe, ana magoti mawili, na akijitanda shuka lake la pamba linatulia begani. Mpiga picha alipomwona alisema, mzee huyu kama amechongwa.

Sosina: Na wajukuu wakifungua albamu wakauliza, huyu aliyekaa ni nani?

Mahlet: Wataambiwa ni babu.

Sosina: Na babu mwenyewe?

Mahlet: Sosi, wajukuu hawahesabu. Wanaangalia picha, wanafunga albamu, wanakwenda kucheza.

Sosina: Mimi nitawaambia.

Mahlet: Wewe utakuwa umesimama pembeni ya mjomba, unatabasamu, na gauni nililokushonea. Sasa nakupa kazi.

Sosina: Naisubiri kwa unyenyekevu.

Mahlet: Kwako baba hana hasira. Mwambie daktari amekataza ngazi. Neno lisukume taratibu, kwa utani utani, kama unavyojua mwenyewe.

Sosina: Nimwambie kwa utani kwamba hatakiwi.

Mahlet: Nani kasema hatakiwi? Baba yangu nampenda! Nataka awepo. Awepo juu.

Sosina: Umechelewa. Ngazi anazijua.

Mahlet: Najua anazijua. Dagim alimpigia Jumanne, na ni mimi niliyemtuma. Nilitaka azisikie, zimwogopeshe, aseme mwenyewe "wanangu, mimi sitaweza." Nisiwe mimi ndiye niliye—

Sosina: Hakusema.

Mahlet: Alisema nini?

Sosina: Hakusema kitu. Aliomba mkongojo.

(Ko... ko... ko.)

Mahlet: Sosina. Nini hicho kinagonga?

Sosina: Nimekaa chini ya ngazi za jengo letu, dada. Tangu Jumatano baba anapanda mpaka ghorofa ya nne, anageuka, anashuka. Mimi nimeteuliwa kuhesabu. Mkongojo ameuvalisha kipande cha tairi usiteleze, na goti la chuma kalipaka mafuta lisilie mbele ya wakwe. Akifika ghorofa ya tatu, jirani yetu Mama Zenebech anamtilia shayiri ya kukaanga kiganjani. Mwenyewe anasema, hivi ndivyo wanavyolishwa punda wa mlimani. Haloo? Na usiniambie mtandao.

Mahlet: Amefika ngapi?

Sosina: Jana sitini na nne.

Mahlet: Anaanguka?

Sosina: Ameanguka mara mbili. Alhamisi, na leo asubuhi.

Mahlet: Akianguka anaacha?

Sosina: Anasema "futa," nafuta, anaanza moja.

Mahlet: Basi mwambie nilikosea.

Sosina: Asante Mungu! Nilijua tu una—

Mahlet: Mwambie nilikosea kuhesabu. Ni mia mbili.

Sosina: Rudia.

Mahlet: Mia mbili! Mia tatu! Zimebaki wiki sita, na kwaresima haimsubiri mtu. Naolewa mara moja, Sosina. Mara moja! Sitaki maisha yangu yote watu washike ile picha halafu wasinione mimi, waone mguu.

Sosina: Umemaliza?

Mahlet: Nimemaliza. Utamwambia?

Sosina: Kazi hii ni kubwa kuliko elimu yangu. Baba! Baba, shuka, njoo! Ni Mahlet!

Mahlet: We! We, Sosina, usi— Nitakuua, naapa nita—

(Ko... ko. Mkwaruzo, simu inabadilisha mkono.)

Baba: (anahema) Haloo? Mahlet? Mwanangu?

Mahlet: Shikamoo, baba.

Baba: Marahaba, marahaba. Sabini na moja!

Mahlet: Nini, baba?

Baba: Leo sabini na moja, bila kushika ukuta. Muulize Sosina, ndiye karani wangu. Zimebaki arobaini na moja tu. Huyo Dagim ana adabu sana, alinipigia mwenyewe, akaniuliza, baba, utaweza? Nikamwambia, mwanangu amechagua mahali, mimi nisifike?

Mahlet: Haloo? Baba? Sikusikii vizuri, mtandao—

Baba: Mimi nakusikia vizuri kabisa.

Mahlet: Haloo? Haloo?

Baba: Nasema hivi. Siku hiyo busu goti la kushoto tu, hili langu. La kulia nimelipaka mafuta, litakuchafua midomo, na picha zako zitaharibika. Na Dagim abusu hilo hilo la kushoto, mtapokezana. Goti moja linatosha watu wawili.

Mahlet: Baba, unakatika! Hapa ziwani mtandao mbovu— haloo?

Baba: Na fundi nimempa suruali ya suti aipunguze upande wa—

Mahlet: Haloo? Sikusikii! Haloo?

Baba: (kimya)

Mahlet: Haloo?

Baba: (kimya)

Mahlet: Sosi? Umeichukua simu? Ameshaondoka?

Baba: Bado.

(Simu inakatwa.)