Mama Mistari na Kitambaa cha Nyufa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha michoro cha kiwanda chetu cha vitambaa, Mama Mistari anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba nimwandikie wasifu kwa kuwa meza zetu zimetazamana miaka yote hiyo. Haikuniuliza kama nampenda. Ingeniuliza, ningejibu kwamba nampenda, ila nimemwonea wivu tangu wiki ya kwanza.

Tuliajiriwa siku moja. Mimi nilikuja na maua. Waridi langu ungetamani kulinusa, ndiyo maana mafundi wa mashine wakaniita Babu Waridi hata kabla sijaoa. Yeye alikuja na nusu kabichi ndani ya mfuko. Akaiweka mezani, akaichora ilivyokatwa. Kisha akaichora tena, mikunjo tu. Mara ya tatu akahesabu mikunjo, akapima nafasi kati ya mmoja na mwingine, akaandika pembeni kipi kinajirudia na kipi kinabadilika. Kufikia Ijumaa kabichi yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa nyumbani kwake, na kwenye karatasi imebaki mistari isiyofanana na kitu chochote, lakini ukiitazama macho hayataki kubanduka. Nikajiambia ni bahati ya mgeni. Bahati hiyo imedumu mpaka leo.

Alichora mishipa ya majani, magamba ya samaki, povu la sabuni kwenye karai. Mke wangu mwenyewe alitundika mapazia ya povu sebuleni. Nilipouliza ya waridi yako wapi, niliambiwa yanafaa zaidi stoo.

Mwaka wetu wa kumi na mbili ilikuja oda ya mapazia ya wodi za hospitali. Mama Mistari alishinda wiki tatu nyuma ya kiwanda, amepiga magoti na rula, akipima nyufa za tope lililokauka huku wapita njia wakimcheka. Mchoro ulipokamilika nilijua nimeshindwa. Nikamwendea meneja, nikafunga mlango, nikamwambia mgonjwa akifumbua macho ataona ukuta unamwangukia. Meneja akaurudisha mchoro bila kutaja aliyesema, na oda ikapewa maua yangu. Mama Mistari aliuviringisha mchoro wake, akautia kabatini, akanipa hongera. Ushindi ule haukuwa na utamu hata siku moja. Mwaka uliofuata akautoa tena, nyufa zimelainishwa, na hicho ndicho kitambaa kilichouzwa kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza.

Wiki iliyopita, kalamu ikiwa mkononi, niliona siwezi kumsifu mtu niliyemchongea. Nikavuka hatua nne zinazotenganisha meza zetu, nikaungama yote. Hakuacha kuchonga penseli yake.

"Kaka, nilijua siku ileile," alisema. "Meneja aliniambia habari za ukuta kuanguka, na meneja hana lugha ile, hiyo ni yako. Nikautundika mchoro mbele ya kitanda changu, nikaamka nao wiki nzima. Kweli ulikuwa unatisha. Usingesema, ningeutoa jinsi ulivyokuwa."

Nilikwenda kuomba radhi, nikarudi nimeshukuriwa. Zamani nilihusudu mkono wake tu. Sasa nahusudu na moyo wake.

Kuanzia mwezi ujao mimi ndiye mchoraji mkuu. Wengi wamenipongeza, nami nimewaitikia kwa adabu, ingawa sote tunajua kwamba kiti kimekuja kwangu kwa sababu mwenyewe ameinuka.

Mama Mistari, kwa niaba ya chumba kizima cha michoro, ahsante. Mungu akupe afya, usingizi usiokatizwa na king'ora cha zamu, na wajukuu wenye kusikia. Na kama huko nyumbani utaendelea kuchora, tafadhali usituonyeshe. Au basi, nionyeshe mimi kwanza.