Emilian Anatoli, Aliyefungua Josho Kila Alhamisi

Marehemu Emilian Anatoli alizaliwa tarehe 4 Septemba 1940 huko Rulenge, wilayani Ngara, mtoto wa pili wa Mzee Anatoli na Mama Evarista. Alisoma hapo hapo hadi darasa la nane, akafaulu hesabu na kushindwa kabisa kwaya.

Mwaka 1966 Serikali ilimwajiri kuwa mhudumu wa josho, na mwaka 1971 akahamishiwa hapa Nyarubungo, Biharamulo. Alipima dawa, aliogesha ng'ombe kila Alhamisi ili kupe wafe na ndigana, homa waienezayo, isiingie, na aliwabembeleza wafugaji wabishi. Alibembeleza kweli kweli.

Alifunga ndoa na Petronila tarehe 6 Januari 1968. Siku ya posa, kabla hata ya shikamoo, alimshika sikio ng'ombe wa baba mkwe akitafuta kupe. Mzee akauliza, "Huyu amekuja kuoa au kukagua?" Petronila, nyuma ya mlango, alicheka mpaka akamwaga rubisi, pombe ya ndizi ya wageni. Leo anakikumbuka kicheko kile kama habari ya mtu mwingine.

Mwaka 1994 wakimbizi waliingia kwa maelfu, wengine na mifugo yao, na dawa ya josho ikakoma kufika kwa miezi saba. Ndigana kali ikashika. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mwaka ule waliovunjika ni waliosikia. Ng'ombe waliofichwa vichakani siku za josho walikuwa wamezoea kupe, wakapona. Waliooga kila wiki walikufa. Mihayo, jirani aliyehamia kutoka Shinyanga, alipoteza kumi na wanne. Emilian alipokwenda kumpa pole, Mihayo alimwambia, "Bwana josho, uliniambia niogeshe. Nimeogesha."

Emilian alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Sikujua. Nisameheni." Dawa ilirudi mwaka 1995, lakini hakuna aliyeleta ng'ombe. Kwa miaka mitatu alifungua josho kila Alhamisi, akaogesha ng'ombe wake wawili, akasubiri hadi jioni, akafunga. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote. Petronila alipomsihi aache, alijibu, "Wakija wakute nimefunga, je?"

Jumapili tarehe 7 Juni 1998, akitoka kanisani, alipooza upande wa kulia. Alifariki hospitalini Biharamulo Jumanne tarehe 9, saa nne asubuhi.

Jana Alhamisi, msiba ukiwa umejaa watu, Mihayo alifika na ng'ombe kumi na mmoja, akasimama nao nje ya ua, akamwita Petronila.

"Pole, Mama Eufrazia. Nimeleta ng'ombe waogeshwe. Nani atafungua?"

Petronila aliingia ndani, akatoa ufunguo wa josho kwenye mfuko wa shati la mumewe, akampa Mihayo, akarudi kuketi mkekani. Hajalia mpaka sasa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Eufrazia, Gidioni na Teddy, wajukuu sita, na ng'ombe wawili. Wale wa Mihayo wameogeshwa. Mzee Emilian apumzike sasa, kwa amani.