Mitutu ya Chuma Kilichosukwa

Sogeeni, wanangu, kaeni karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba nimewaita mara moja na mmekuja wote, wewe Nassoro kifungua mimba wangu, na Amiri, na Sharifa uliyeacha nyumba ya mumeo kuja kuniuguza, na mama yenu Mwanahawa aliyevumilia harufu ya mafuta ya bunduki miaka arobaini. Mimi Selemani akili zangu ni timamu, na nitakayoyasema leo asiyageuze mtu.

Shamba la mboga hapa Malindi yetu ya milimani ligawanywe kwa mafungu ya dini, na Sharifa asipunjwe hata tuta moja kwa kisingizio kwamba ameolewa. Nyumba ni ya mama yenu mpaka Mungu atakapomchukua. Hayo ni mepesi. Mazito ni bunduki zangu tatu za mitutu miwili, ambazo zimewafanya ndugu wa tumbo moja mle sinia mbalimbali tangu mfungo sita.

Mnajua nilivyozipata. Ya kwanza aliniachia mzungu wa kahawa alipofunga mizigo yake kurudi kwao, ya pili nilibadilishana na Mgiriki wa mkonge kwa mitamba miwili, na watu wakanicheka mpaka wakachoka. Hii iliyo mapajani mwangu niliikuta Mombo kwa fundi cherehani, kitako kimepasuka, anaitumia kuzuia mlango usigonge! Nilikaa nayo miezi minane nikiitengeneza. Itazameni. Huyu ndege aliyechongwa ubavuni kila unyoya wake unahesabika, na hii mitutu ni nyuzi za chuma zilizosukwa kama ukili wa mkeka, kisha zikafuliwa motoni mpaka zikawa kitu kimoja. Ukiifunga haigongi, inajifunga taratibu kama mtu mwenye adabu. Siku hizi wanatengeneza bunduki kama wanavyotengeneza ndoo.

Tangu mambo yawe ruksa, yule bwana wa Arusha mwenye magari ya wawindaji amekuja mara tatu kuzitaka. Nassoro unataka ziuzwe upate lori la kupeleka kabichi Dar es Salaam. Amiri unasema hazitoki humu ndani labda ufe kwanza. Na mimi nikachochea moto, nikaenda polisi kimyakimya kuandikisha kwamba atakayeomba kibali baada yangu ni Nassoro, kwa kuwa ndiye mkubwa, wakati aliyezipangusa miaka kumi na miwili ni Amiri. Hilo kosa ni langu, nalikiri mbele yenu.

Lakini kwanza nina haja moja ya kizee. Nataka niisikie hii kwa mara ya mwisho. Nassoro, ipokee. Usiikunje, iko tayari. Toka nayo uwanjani, simama penye ule mti wa mpeasi, ielekeze juu kule bondeni kusiko na mtu. Sharifa akipunga kanga dirishani, fyatua mitutu yote miwili. Nenda, baba. Nenda.

Funga mlango, Sharifa.

Sasa nisikilizeni mliobaki. Leo asubuhi Sharifa aliponiletea bunduki ile niipakate kama kawaida yangu, niliipokea na mkono wangu ukaikataa. Ilikuwa imezidi uzito. Nikaikunja ikafunguka, nikakuta risasi mbili mpya za dukani, za baruti kali. Nassoro alikuwa ashuke nayo kijiji cha Mnazi leo hii kulinda mahindi na nguruwe, kwa sababu ni nyepesi, na yeye kazi yake ni kuitungua tu kwenye kigingi chake ikiwa imeshajazwa.

Usiinuke, mama Nassoro. Kaa.

Mnamkumbuka mgosi Kornelio, yule bwana wa Bumbuli. Bunduki yake ilikuwa ya chuma hikihiki cha kusukwa, kisichoweza baruti ya siku hizi, akatia risasi za dukani, ikampasukia usoni, ikaondoka na jicho na vidole vitatu. Nassoro alikuwa Dar. Tuliokuwepo ni mimi na wewe, Amiri, na wewe ndiye uliyemfunga uso kwa shati lako. Sanduku la risasi lina funguo mbili. Mmoja ninao shingoni, na mwingine ninaujua uliko.

Basi niliifunga tena, nikaipakata mpaka mlipofika. Usitazame sakafu, Amiri, nitazame mimi. Kaka yako yuko uwanjani, shavu ameshalilaza kwenye kitako. Mimi simrudishi. Nikimrudisha mimi atapona leo, na kesho nikiwa udongoni nani atamrudisha? Sharifa, simama dirishani. Usilie, fanya ninavyokwambia. Shika kanga. Amiri, pumzi zangu si nyingi, na hizi ninazitumia kukungoja wewe. Haya, Sharifa, inua mkono...

Mwacheni! Mwacheni apite, auvunje huo mlango akitaka! Nasikia, naam, nasikia. "Usifyatue, kaka, itakupasukia!" Piga kelele, mwanangu, Malindi nzima ikusikie! Sharifa, macho yangu hayafiki huko, nieleze. Ameikamata hiyo bunduki? Wameanguka wote wawili? Alhamdulillahi.

Mama Nassoro, inua mto wangu utazame chini yake. Ndizo risasi hizo, zote mbili. Nilizitoa kabla hamjaingia, ulidhani ningemtoa mtoto wako kafara? Sikuogopa mlio, mke wangu. Niliogopa nisije nikasikia kimya cha Amiri.

Nishikeni mgongo, kifua kinanibana. Yule bwana wa Arusha aitwe, achukue zile mbili kihalali. Ile iliyoko uwanjani ipelekeni polisi, waikate kwa msumeno mkiwa mmesimama hapo mnaona. Inaniuma kusema hivyo, inaniuma kuliko kifua. Lakini nilimfundisha mtoto mmoja kila kitu, na mwenzake nikawa namcheka akiishika vibaya, na leo nimeona nilichokuwa nafuga.

Wanakuja. Ingia, Nassoro. Kaa hapa, vumbi utapangusa baadaye. Amiri, kaa naye bega kwa bega, usikae mlangoni. Siku yangu ikifika mtashuka wote wawili kaburini kunipokea, wewe kichwani, wewe miguuni, na sitaki kupokewa na watu wanaofichana neno. Radhi zangu hazina fungu la mkubwa wala la mdogo. Nimewaridhia wote, na Sharifa, na mama yenu, Mungu awaridhie nanyi. Awape... awape umri, na chakula cha sinia moja.

Hapana, maji sitaki. Nassoro, ndugu yako ana neno. Usimkatize mpaka amalize, hata likikuchoma. Amiri... sema, mwanangu. Sema sasa, bado nasikia.