Dkt. Wavinya Kitavi na Kilichobaki Maabara

Marehemu Dkt. Wavinya Kitavi alizaliwa Riruta tarehe 14 Februari 1968, mtoto wa pekee wa dada yangu. Riruta ya wakati huo ilikuwa mahindi na maharagwe, na kila boma lilikuwa na shimo lake la taka. Maganda ya leo yalikuwa mbolea ya msimu ujao. Siku hizi taka zinalala kando ya barabara, na hakuna anayeona aibu.

Alilelewa na bibi yake, Syokimau, mama yetu sisi, aliyemfundisha kwamba nywele na kucha za mtu hufukiwa, kwa maana kipande kikiachwa ovyo humwita mwenyewe. Wavinya alilishika neno hilo kuliko sisi sote. Alikuwa bado mdogo alipokwenda kwa kinyozi na gunia.

"Wewe, nywele za wateja wangu unapeleka wapi?"

"Zikalale."

"Haya. Za chifu uzifukie chini sana, huyo ataamka."

Alisoma shule ya msingi hapo Riruta, kisha sekondari Machakos, na akapata shahada yake ya kwanza Nairobi mwaka 1991. Uzamifu aliufanyia Ujerumani. Aliporudi mwaka 1999 alifundisha chuoni, katika maabara iliyoko katikati ya jiji, hadi ugonjwa ulipomwondoa.

Kazi yake alinieleza mara nyingi, mimi ambaye shule yangu ilikuwa magazeti ya kufungia nyama. Ndani ya kila seli, alisema, mna protini zinazofanya kazi. Moja ikichakaa, seli huitia alama, huikatakata, na vipande vyake hujenga nyingine. Zilizochakaa zikirundikana, ubongo huugua, na ugonjwa huo ndio aliokuwa akiutafuta. Nikamwambia hilo ni shimo la taka la bibi yako. Alicheka, lakini siku iliyofuata aliwafundisha wanafunzi wake hivyo hivyo.

Tarehe 9 Desemba 2000 alifunga ndoa na Bwana Nthiwa, fundi aliyekuja kutengeneza friji ya maabara. Wakaishi mtaa wa Mountain View, wakamzaa Milcah.

Mwaka 2019 mkono wake ulianza kutetemeka. Kijiko kiligonga kikombe hata chai ikiwa imepoa. Kisha akaanza kumwona Syokimau, aliyefariki zamani, ameketi mezani kwake, naye akawa anamwekea sahani. Sisi tuliogopa. Yeye aligusa paji la uso akasema, "Anko, huku juu taka hazijazolewa." Ugonjwa alioutafuta katika seli ulikuwa umemjia nyumbani.

Ndipo alipotaka ubongo wake ubaki maabara, wanafunzi wauchunguze. Nilikataa. Kwetu mtu huzikwa mzima.

"Wewe uliyefukia nywele za mtaa mzima?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe, Anko. Utakumbuka kwenda kuuchukua."

"Na ukirudi kunisumbua?"

"Nipikie chai. Hotuba wacha."

Nilitaka alale Mwala, kwa wazee wetu. Alichagua makaburi haya ya Lang'ata, karibu na jiji, ili kilichobaki kisisafiri mbali kitakapomfuata.

Aliaga dunia nyumbani Mountain View, Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, alfajiri. Tangu siku hiyo Milcah husikia kijiko kikigonga kikombe jikoni. Mchungaji alimwambia ni huzuni. Nililala huko Jumamosi. Nilikisikia.

Marehemu ameacha mume, Bwana Nthiwa Kitavi, binti, Milcah, mimi mjomba wake, Kilonzo, na ninyi wanafunzi wake mliosimama pale nyuma na makoti meupe. Kwenu nina neno moja. Leo, tarehe 14 Machi, tunafukia sehemu ya Wavinya. Jifunzeni kwa ile nyingine, msiharakishe, lakini msiisahau kwenye friji. Mkimaliza, nileteeni. Nikiwa sipo, mpeni Milcah. Nimemwonyesha pa kuchimba.

Apumzike kwa amani hapa alipo, na kule alikobaki. Kikombe chake hatutakiondoa mezani mpaka akamilike.