Mama Hodi, Mlinzi wa Chemchemi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka mama aliyekuwa akiyabishia maji hodi. Mmesikia vizuri. Maji.

Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwa binti yake, akiwa na miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mlinzi wa chemchemi iliyo nyuma ya shule ya msingi, chini ya kilima. Idara ya maji ilimwajiri afagie mfereji, apime kina kwa fimbo yenye alama, na afunge geti jioni. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mtaani alijulikana kama Mama Hodi, na jina hilo alilipenda kuliko la kwenye kitambulisho.

Kila asubuhi alivua viatu getini. Anasimama. “Hodi.” Anasubiri. “Hodi.” Anasubiri tena. Akijibiwa, anaingia. Hodi ya tatu ikipita kimya, anavaa viatu vyake, anakaa nje. Si ndivyo tulivyolelewa sote? Mwenye nyumba asipoitika mara tatu, huingii.

Siku moja bosi wake alimkuta amekaa nje ya geti, mikono mapajani.

“Mama, mbona hufanyi kazi?”

“Hajaitika.”

“Nani hajaitika?”

“Mwenyewe.”

Bosi alimwandikia barua ya onyo. Mama Hodi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitumia kuziba dirisha la jikoni lililovunjika kioo.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, aliniambia hivi: “Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, mama, maji yanakuitikiaje? Akasema, ukiingia kwenye nyumba, si unajua kama kuna mtu chumbani hata kabla hajakohoa? Ni hivyo hivyo.”

Na haikuwa kwa maji peke yake. Hakukata tawi bila kuuambia mti. Hakuhamisha jiwe bila kuliomba radhi. Siafu wakiingia jikoni, aliwapa taarifa: kesho asubuhi nafagia hapa, tafuteni pa kwenda. Binti anaapa kwamba walikuwa wanahama. Mimi sikuwepo, nasema nilivyoambiwa.

Wapo waliomwita mshirikina. Jirani mmoja alimwambia wazi kwamba anaabudu mawe. Mama Hodi hakukasirika. “Asubuhi umenisalimia,” alimjibu. “Umeniabudu?” Kisha akamweleza kwa upole anavyoiona dunia. Hakuna kitu kisicho na mwenyewe. Mti una mwenyewe, kilima kina mwenyewe. Binadamu amekuja juzi tu, amekuta wenyeji wamekaa. Kwa hiyo awe na adabu za mgeni: aombe, apewe, ashukuru, na asihamishe vitanda vya watu.

Sasa tufike panapouma.

Mama Hodi alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa familia, na mpaka leo nyumbani wanamwita Kitinda. Mama yao alifariki Kitinda akiwa hajaanza hata kutambaa. Dada ndiye aliyembeba mgongoni. Dada ndiye aliyemfundisha kutembea, na alimfundishia pale pale kando ya chemchemi. Kitinda alikua, akasoma, akawa mchimba visima mwenye mtambo wake na lori lake. Dada alijivunia. Kila aliyepita getini aliambiwa habari za Kitinda, atake asitake.

Miaka sita iliyopita Kitinda alimtembelea dada yake kazini. Alikuja na mkate na maneno matamu. “Dada, watoto wa shule wanaichafua hii chemchemi. Nataka nikujengee uzio. Lakini lazima nijue maji yanapita wapi chini, nisije nikayaziba. Wewe ndiye unayejua.”

Alikuwa anajua kweli. Ramani ya idara haikuonyesha kitu, lakini nyayo za Mama Hodi zilijua. Alivua viatu, akapiga hodi, akaitikiwa. Akamtembeza mdogo wake hatua kwa hatua, kuanzia jichoni mwa chemchemi hadi juu ya kilima. Anakanyaga, anatulia, anasema, “Hapa.” Kitinda anapigilia kigingi. “Na hapa.” Kigingi. Vigingi kumi na moja. Akilini mwake Mama Hodi aliona uzio. Alimshukuru mdogo wake hadi machozi yakamtoka.

Wiki iliyofuata, kwenye kigingi cha juu kabisa, ulisimama mtambo. Kitinda alikuwa ameshakubaliana na kiwanda cha maji ya chupa. Hapakuwa na uzio. Haukuwahi kuwepo hata kichwani mwake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chake Mama Hodi alikibeba mgongoni.

Aliumia, wasikilizaji wapendwa. Aliumia mpaka akashindwa kula. Lakini sikilizeni kilichomuumiza zaidi, kama alivyomwambia binti yake: “Angeniibia mimi, ningenyamaza. Mimi ni dada yake. Lakini nimempeleka mimi mwenyewe ndani ya nyumba ya watu, nikamwombea karibu, akaiba. Nitasimama na uso gani pale getini?”

Hakusimama tena. Alirudisha fimbo na funguo idarani, akahamia kwa binti yake, upande wa pili wa mji. Miaka sita hakukanyaga pale. Miaka sita hakuongea na mdogo wake. Kiwanda kilivuta maji mchana kutwa, na chemchemi ikawa inapungua. Majirani walimletea habari, mwanzoni kila wiki, baadaye mara chache, kwa kuwa waliona habari zenyewe zinamkondesha.

Mwezi huu hali yake ilipokuwa mbaya, Kitinda alikuja. Yanayofuata aliniambia yeye mwenyewe. Alifika hapa studio jana, akakataa kukaa mbele ya maikrofoni, akaniomba niyaseme kwa niaba yake. Nayasema kama alivyoyasema.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Akasema, “Dada, nisamehe.”

Dada akamwambia, “Mimi si wa kwanza kuombwa. Nenda ukamwombe mwenyewe. Akikuitikia, rudi uniambie alivyoitika, na mimi nitakuitikia.”

Kitinda aliondoka kwa gari. Alifika hadi kwenye ukuta wa shule. Ilikuwa saa ya mapumziko, walimu wamekaa nje kwenye viti. Akaona aibu. Mtu mzima, mwenye kampuni, avue viatu aongee na maji mbele ya walimu? Alikaa ndani ya gari dakika ishirini, vioo vimefungwa, anachezea simu. Kisha akageuza gari.

“Nilimwambia nimefika,” anasema Kitinda. “Nilimwambia nilivua viatu, nikapiga hodi, na maji yakabubujika kama zamani, nikajua nimesamehewa. Nilitaka afe na amani.”

Mama Hodi alimsikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Alisema, “Mdogo wangu, chemchemi ilikauka mwezi uliopita. Hakuna hata unyevu.”

Kisha akageukia ukutani. Hakusema neno lingine kwa mdogo wake. Kesho yake, asubuhi, alifariki.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa binti yake, kwa wajukuu, na kwa majirani waliopanga foleni na ndoo pale miaka yote hiyo. Mungu awape subira. Na sisi tuliobaki, tunaofungua bomba na kufunga bila kuangalia, tujiulize leo: tunachokunywa tulimwomba nani? Na nani alituamini, akatuonyesha njia, tukapigilia vigingi?

Kitinda naye nampa pole, maana amefiwa. Jana alipokuwa anatoka, alisimama mlangoni akaniuliza kama nadhani dada yake alimsamehe. Nilimwambia sijui. Dada yake hakusema.