Mwili Wangu Uliijua Surua

Kina mama wenzangu, mkiona nimenyamaza katikati, nivumilieni tu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Jericho, mimi, mzee wangu na watoto wawili. Msichana alipata chanjo zote. Mvulana alipofika miezi tisa niliambiwa nimpeleke achanjwe surua. Sikwenda. Nilikuwa na nguo zangu za kuuza sokoni, na nikajiambia, mtoto mnene hivi, surua itampatia wapi?

Akiwa na mwaka mmoja homa ikamshika. Macho mekundu, kikohozi, kisha vipele kuanzia usoni. Dada yake alilala naye kitanda kimoja, mimi nilimbeba kutwa. Sisi hatukuguswa. Yeye mapafu yakaharibika, akanifia mikononi, wodini.

Nawaambia ukweli, ndugu zangu, nilimlaumu jirani. Alikuwa amembeba mtoto wangu wiki ile. Nilimwita mchawi, watu wakisikia. "Kama ni ugonjwa, mbona umechagua mmoja?" Aliingia ndani akafunga mlango. Nikakaa miezi mingi siendi sokoni, sisemi na mtu.

Siku moja nilipeleka msichana kliniki, ana kidonda. Nikamuuliza nesi swali lile lile. Akavuta kiti.

"Mama, wewe uliugua surua utotoni?"

"Niliugua."

"Basi askari wa mwili wako wanaijua. Mara ya kwanza huchukua siku kadhaa kujifunza adui na kutengeneza silaha ya kumtosha. Wakishinda, wengine hubaki miaka mingi wakimkumbuka. Akirudi, wanammaliza mapema. Wa msichana wako walifunzwa na chanjo. Walionyeshwa surua iliyodhoofishwa."

"Lakini mvulana wangu alipewa matone ya polio."

"Hayo yalifunza askari wa polio. Wa surua walikuwa bado wanajifunza, mama. Ugonjwa uliwatangulia."

Nililia pale hadi nikaishiwa nguvu. Hakukuwa na mchawi. Kulikuwa na siku moja ya kliniki ambayo sikwenda.

Jioni hiyo nilibisha kwa jirani. Nikamwambia, "Nilikukosea. Nisamehe."

Akasema, "Mimi pia nilimpenda. Hukuniacha hata nimlilie."

Tukamlilia pamoja.

Namshukuru jirani yangu, yuko hapa leo. Namshukuru yule nesi aliyeniambia ukweli bila kunidharau, na nyinyi mlionirudisha sokoni. Mwenye mtoto, usitazame unene wake. Mpeleke achanjwe. Ukiogopa kwenda peke yako, niite. Nitambeba mimi.