Saruni Senteu, Aliyekataa Wapenzi Wafe

Wazee wangu, baba mchungaji, wakwe zetu mliotoka Rhotia, na ninyi nyote mliofika hapa Arash, mimi ni Lembris, kaka wa marehemu, nimepewa na familia kazi ambayo sikuitaka.

Ndugu yetu Saruni Senteu alizaliwa tarehe 14 Machi 1992 hapahapa Arash, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Senteu Sairowua na mama yetu Naserian. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 2001 hadi 2007, akaendelea na sekondari Karatu, akamaliza kidato cha nne mwaka 2011, ingawa sote tunajua kwamba sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwenye banda la video karibu na soko la huko Karatu, akitazama filamu za kutafsiriwa, na likizo alitusimulia machungani hadi ndama wanatupotea.

Mwaka 2013 alianza kupiga video za harusi mjini Karatu, na mwaka 2016 akawa mtunzi wa filamu, na kila alichotunga kilikuwa hadithi ileile ya kale, ya kijana na binti waliopendana huku koo zao zikichukiana, ila aliivalisha nguo za leo, mara majambazi na bastola, mara wafu wanaotoka makaburini. Alilalamika kwamba dunia imeiongezea hadithi hii bunduki, magari na mizimu, lakini haijathubutu kuwaacha wale wawili waishi, basi yeye akawaacha hai, na watazamaji walipozomea aliwaambia watazoea.

Tarehe 8 Desemba 2018 alifunga ndoa kanisani Rhotia na Selina Julius, Mwiraqw, binti wa wakulima na mwigizaji wake, baada ya baba zao wote wawili kukataa kwa muda mrefu, na Mungu akawajalia binti mmoja, Antonia, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2020, ambaye leo amekaa mapajani kwa babu yake aliyeapa kwamba mkulima na mfugaji hawataoana nyumbani kwake.

Marehemu hakuugua. Mwezi Julai mwaka huu wa 2024 aliacha filamu yake ya tatu mikononi mwa Doreen, mwongozaji, akaja kutusaidia kupeleka ng'ombe kwenye maji, kusikokuwa na mtandao, na huku nyuma wenzake, kwa kuogopa kuzomewa tena, walibadilisha mwisho, Selina akalazwa ndani ya jeneza, wakakusudia kumweleza akirudi. Kipande hicho kilirushwa kwenye simu kama kionjo, watu wakakisambaza, wengine wakaongeza mishumaa na neno tanzia, kikafika hapa Arash bila jina la filamu, asubuhi ya siku aliyorudi Saruni.

Kwa desturi yetu jina la aliyefariki halitajwi, ingawa leo wazee wameniruhusu kulitaja la ndugu yetu, kwa hiyo hakuna aliyepiga simu Karatu kuuliza, na Saruni aliporudi tarehe 19 Agosti, akauliza habari za mke wake, wazee waliinama, shangazi akakwepa jina la Selina, akamtaja kama mama wa mtoto tu, naye akaelewa, kisha akaonyeshwa lile jeneza. Alipiga simu ya Selina, haikupatikana, kwa kuwa wakati wa kurekodi simu zote huzimwa, na hakuwa na sababu ya kudhani ni maigizo, maana katika filamu aliyoitunga yeye, Selina hafi.

Alipanda pikipiki mchana uleule ili awahi maziko, akaanguka korongoni Olbalbal, wachunga ng'ombe wakamtoa, akafikishwa hospitali Karatu, na Selina alimfikia akiwa bado anapumua, akamwita na kumwita, lakini hatujui kama alisikia, na alfajiri ya tarehe 20 Agosti akafariki. Mimi sijui tumshukuru Mungu kwa lipi hapo, baba mchungaji atanisamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wachunga ng'ombe wa Olbalbal, majirani wa hapa na wa Rhotia, na wenzake wa kazi, ambao jana waliahidi mbele yetu kurudisha mwisho alioutaka yeye. Selina ameniomba niwajibu kwa niaba yake kwamba wasirudishe, yule binti wa kwenye filamu abaki ndani ya jeneza, kwa kuwa yeye, Selina, ndiye aliyebaki hai, na hajui aliyebaki hai anafanya nini baada ya hapo.

Saruni, mdogo wangu, pumzika.